Wapangaji wa Tumboni

Jumatatu, 3 Machi

Vifaranga wameingia leo, na mvua ya kwanza imeingia nao. Nilipofungua maboksi walikuwa wanapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Wote wazima, isipokuwa mmoja aliyefika amelala na hakuamka tena.

Daktari wa mifugo kaniagiza niandike kila siku ninachokiona bandani: wamekula vipi, wamekunywa vipi, kinyesi kikoje. Nimekubali. Hakusema nisiandike ya watu, na banda hili lina watu wake.

Kwanza mume wangu. Ni fundi cherehani, anashonea barazani, mtu mpole kiasi kwamba unaweza kusahau kuwa yupo. Lakini safari hii kaapa. Kuku wa mara mbili zilizopita waliharisha wakafa mikononi mwangu. Nikawapa kila antibayotiki niliyotajiwa na kila mwenye mdomo, na bado nikachimba mashimo nyuma ya ua. "Hili ndilo kundi la mwisho, mke wangu," kasema. "Wakifa tena hivyo, banda nampa fundi wa vyuma alifanye karakana." Huyo fundi wa vyuma ameshakuja na futi yake, kapima ukuta hadi ukuta huku anapiga mluzi. Kupima sikujali sana. Mluzi ndio ulioniuma.

Pili wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Analala kwenye chumba cha stoo kilichoungana na banda. Alikuja baada ya kufiwa na mumewe, akasema atakaa wiki mbili tu, na mpaka leo hajatoa nguo kwenye begi. Akitaka gauni hufungua zipu, hulitoa, halafu hufunga zipu. Banda likienda, chumba kinakwenda nalo, naye itabidi aende kwa mashemeji zake ambao hata siku ya mazishi hawakumtazama usoni. Namwonea huruma. Lakini kuna siku nimelitamani lile begi liondoke, maana Wifi ana maneno.

Jumanne, 4 Machi

Daktari kaja na pikipiki, matope hadi magotini. Ni binti mdogo tu, ila akizungumza unajikuta umenyamaza. Kaleta pakiti za unga mweupe. Humo, anasema, wamelala bakteria wazuri, na wakipata maji wanaamka.

"Kifaranga wa mashine hajawahi kumwona mama yake," akanieleza. "Angeanguliwa na kuku angedonoa pale anapodonoa mama, akapata na bakteria wa mama. Huyu tumbo lake ni nyumba tupu. Sasa sisi tunawahi kuingiza wapangaji wema. Wakishakaa kila chumba, wale wabaya wa kuharisha wakija wanakuta pamejaa."

Wifi alikuwa anafuta vyombo vya maji, masikio yote kwetu. "Yaani tunawanywesha wadudu?"

"Bakteria, mama. Wazuri."

"Mwanangu, mimi nimekula mshahara maisha yangu yote kwa kuua bakteria. Sijawahi kukutana na mzuri."

Daktari akacheka mpaka akashika ukuta. Ni kweli Wifi alikuwa msafishaji wa wodi ya wazazi mpaka alipostaafu. Huko walimwita Bi Klorini, na jina analipenda. Mpaka leo anaosha kwa klorini vikombe, milango, ndala na nadhani hata mawazo. Wengine hunukia marashi, Wifi hunukia dawa ya maji. Ukiisikia harufu hiyo unajua yuko karibu.

Wifi alipotoka kumwaga maji machafu, Daktari akanipa sharti kubwa: unga usichanganywe na maji yenye dawa, kwa sababu dawa haichagui mwema na mbaya. Maji ya bomba yana dawa, basi nitumie ya mvua kwenye tangi. Wifi aliporudi sikumrudia maagizo. Kila ninalomwambia hulipinga kwanza, na leo sikuwa na nguvu za kupingwa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Wanakula, wanakunywa, wanalala kwa mafungu. Kinyesi kizuri. Sikujua kama siku moja nitaandika sentensi hiyo kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi

Tangi limejaa hadi linamwagika. Wifi kalizunguka mara kadhaa kakunja uso. "Paa lile lina mavi ya njiwa. Maji haya hata ndala zangu siwezi kuoshea, nyie mnawapa watoto." Vifaranga anawaita watoto. Nikamwambia asijali. Kavuta mdomo hadi sikioni.

Jumatatu, 10 Machi

Kaweka beseni la klorini mlangoni, kila anayeingia atumbukize viatu. Mume wangu kaja kuniuliza kuhusu vifungo vya shati, akaambiwa arudi nyuma. Karudi nyuma, katumbukiza, kaingia, kasahau alichotaka kuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua haina adabu. Vyombo vya maji havipungui kama wiki iliyopita. Nadhani ni baridi.

Ijumaa, 14 Machi

Kinyesi kimekuwa maji yenye povu. Maranda ya mbao tuliyowatandikia yameloa na yananuka. Wamekufa wawili. Naijua njia hii, nimeshaipita.

Jumamosi, 15 Machi

Wengine tena. Wanasimama wamejikunyata na macho nusu, mbawa zimelegea. Nimempigia simu Daktari. Anasema daraja limefunikwa na maji, hawezi kuvuka, akauliza natumia maji gani.

"Ya mvua, kama ulivyosema! Kwani mimi mtoto?"

"Umesafisha tangi kabla?"

Hapo nikamtolea uvivu. Nilimwambia unga wake ni wanga mtupu, na ya kwamba asome vizuri kabla ya kuja kufanya majaribio kwenye banda la mtu. Nikakata simu. Mume wangu kanitazama juu ya miwani, mguu umetulia kwenye cherehani. Kisha akaendelea kushona.

Nimezidisha unga kwenye maji. Sijui kingine cha kufanya.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimemwona wifi yangu. Nimeishi naye muda wote huu na leo ndio nimemwona.

Nilipoingia bandani asubuhi alikuwa ameshapiga magoti, anakwangua maranda yaliyoloa kwa koleo la mkono na kuyatia kwenye gunia. Mgongo wake mbovu, huwa hainami hata kuokota kijiko. Nikamwambia aache, nitafanya mimi. "Kaa hapo," akasema, "wewe unakwangua kama unapaka rangi." Basi tukakwangua wote. Tulipomaliza tukakaa juu ya magunia ya chakula, hatuna hata nguvu ya kunawa.

Akamchukua kifaranga mmoja dhaifu, akamfuta nyuma kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, taratibu, kwa mkono uliozoea. Akasema bila kunitazama, "Wifi, mimi sikupata wa kwangu. Unajua."

"Najua, wifi."

"Lakini kwenye ile wodi hakuna kichanga kilichoondoka na ugonjwa wa sakafu yangu. Hata mmoja. Madaktari walibadilika, wauguzi walibadilika, mimi na ndoo yangu tupo." Akamrudisha kifaranga chini ya taa ya joto. "Na hawa hawatakushinda. Nitahakikisha."

Siku nyingine ningemjibu kwa mzaha kama kawaida yetu. Nimejiona mbaya kwa kuwahi kulitamani lile begi liondoke. Nikamwuliza akienda kwa mashemeji atalala wapi. "Watanipa jikoni," akasema. "Jikoni si pabaya, pana joto." Akainuka kwa kushika goti, akachukua ndoo yake akatoka.

Jumatatu, 17 Machi

Wamekufa wengi kuliko jana. Fundi wa vyuma kapita "kusalimia". Kasalimia ukuta zaidi kuliko sisi.

Jumanne, 18 Machi

Naandika mvua ikinyesha.

Asubuhi nilitoka kuchota maji, nikakuta matofali yamepangwa kando ya tangi na Wifi amesimama juu yake, kajifunika mfuko wa plastiki kichwani. Kafungua kifuniko. Mkono mmoja kashika kopo, mwingine kijiko kikubwa, na midomo inahesabu kama mtu anayesali. Nikasimama. Kijiko kikaingia kwenye kopo, kikamwagwa kwenye tangi. Kikaingia tena.

"Wifi, unatia nini?"

"Klorini. Usiogope, najua kipimo." Alitabasamu, maji ya mvua yanamtiririka puani. "Nilianza na kidogo wiki ile. Walipoanza kuharisha nikaongeza. Leo nimeongeza zaidi."

Kwa hiyo ile harufu ya dawa niliyokuwa naisikia kila nikichota ilitoka kwenye maji, na mimi nilidhani ni yeye amepita. Vyombo havikupungua kwa sababu maji yalikuwa makali, watoto hawakuyataka. Na wapangaji wetu wema, kila asubuhi nilikuwa nawaamsha kwa kijiko changu na kuwatia moja kwa moja kwenye dawa ya kuwaua. Mimi nikizidisha unga, yeye akizidisha klorini.

Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Umewaua! Wewe ndiye umewaua!" Mume wangu katoka barazani na sindano mdomoni. Wifi aliniangalia, hakujitetea hata kwa neno moja, na huyu ni mtu anayebishana hata na redio. Akafunika tangi vizuri, akashuka tofali moja moja, akaingia chumbani kwake. Baadaye nikasikia zipu.

Mume wangu akatoa sindano mdomoni. "Ulimwambia asitie?"

Nikageuka, nikarudisha ndoo yangu tupu bandani.

Daktari kafika kabla ya mchana. Maji yamepungua darajani, kaacha pikipiki ng'ambo, kavuka kwa miguu na sanduku lake kichwani. Baada ya yote niliyomwambia kwenye simu! Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama kwenye tope, akasema tusipoteze muda. Alipasua mmoja aliyekufa: utumbo kuta zake nyembamba, ndani umejaa gesi. Akanusa maji, akakunja pua, nikamweleza. Hakucheka.

"Hakuna damu, na wengi bado wanakuja kwenye chakula," akasema. "Mwageni haya maji yote. Waanze upya na maji safi yasiyo na dawa, unga kila asubuhi. Nakuja keshokutwa. Wakizidi kudhoofika nitawapa tiba inayofaa, lakini sasa hivi hawajafika huko." Kisha akainua chombo kimoja cha maji, akakitazama chini na pembeni. "Hivi anaviosha nani? Kwingine huwa nakuta utelezi, nikipitisha kidole kinazama. Mwambie aendelee na klorini yake kwenye vyombo, kwenye sakafu na hilo beseni la viatu, ila avisuuze sana kabla ya kutia maji ya kunywa. Huyo mtu msimpoteze."

Nilikwenda chumbani kwa Wifi. Alikuwa amekaa kitandani, begi magotini, viatu vya safari miguuni.

"Mdogo wangu atanipeleka hadi stendi," akasema.

"Hakupeleki. Wifi, nisikilize. Siku ile Daktari alisema tusitie dawa kwenye maji ya kunywa, wewe ulikuwa umekwenda kumwaga ndoo. Sikukwambia. Niliona uvivu kubishana nawe. Kosa ni langu kabla halijawa lako."

Akatazama mikono yake, imepauka kwa dawa. "Kila walipozidi kuugua, nilizidisha," akasema polepole. "Nikidhani nawalinda. Mikono hii." Hapo ndipo akalia, nami nikalia, mume wangu akachungulia mlangoni na kurudi haraka alikotoka.

Nilimweleza maneno ya Daktari kuhusu vyombo. Nikarudia lile la utelezi na kidole mara mbili, maana mara ya kwanza aliniomba nirudie. Akajifuta uso. "Huko kwingine wanaoshea nini, mate?" Akavua viatu vya safari. Begi akaliweka chini, lakini zipu hakuifungua.

Jumatano, 19 Machi

Tumemwaga tangi. Wifi kaingia ndani yake mzima mzima, kasugua na kusuuza, sauti yake inatoka humo kama ya spika wa bunge: leteni maji, ongezeni maji, haya machafu nani kaleta. Mvua ya jioni imetupa maji mapya.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimkabidhi Wifi pakiti ya unga. Kaichukua kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa nyoka. Kanawa, kasuuza mikono hadi nikachoka kusubiri, kamimina unga kwenye ndoo, kakoroga. Nikajifanya nafunga gunia. Akainama karibu na ndoo, akasema kwa sauti ya chini, "Karibuni basi. Ingieni, mkae vizuri. Lakini mkileta fujo, dawa yenu naijua."

Daktari kaja kama alivyoahidi. Kawakagua, kasema tusubiri. Wamekufa watatu.

Jumamosi, 22 Machi

Mmoja tu. Vyombo vya maji vimekauka kabla ya adhuhuri! Nilimwita mume wangu aje kuona chombo kitupu. Kaja, kaona, kanipa pole, akidhani maji yametuishia.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna aliyekufa. Siandiki zaidi, naogopa.

Jumamosi, 29 Machi

Kinyesi kimeshikana. Wifi ananiita kila nikipita: "Njoo uone hiki!" Ninakwenda, tunainama wote wawili, tunakisifia. Mpita njia angetuona angeita watu.

Jumamosi, 5 Aprili

Wamenenepa, wanatembea wakijitingisha kama matajiri. Tulipoteza wengi mwezi uliopita na bado naumia nikiona nafasi zilizo wazi bandani, ila waliobaki wamebaki kweli. Yule dhaifu aliyefutwa kwa kitambaa ndiye anayewapiga wenzake kwenye chakula. Wifi anamtetea.

Jumapili, 13 Aprili

Mpishi wa kantini ya chuo kaja kuwachagua, kashika vidari, kanusa hewa. "Banda lako halinuki," akaniambia, kama ananishuku. Kawataka wote, na akauliza wengine lini. Nikamtazama mume wangu.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa katikati ya banda. Kachota maranda kwa kiganja, kafinya, kafungua mkono. Yakamwagika makavu kati ya vidole. Karudia. Huyu mtu hupima kitambaa kwa kukishika tu, nikajua anapima.

Fundi wa vyuma naye hakukosa, kasimama mlangoni na futi yake. Wifi akamwonyesha beseni. "Viatu," akasema.

"Hana haja ya kuingia, dada," mume wangu akajibu kutoka kule katikati. "Bwana, samahani kwa usumbufu. Kapime kwingine. Banda lina wenyewe."

Jumamosi, 19 Aprili

Banda tupu, limeoshwa. Wifi na klorini yake wamejimwaga bila kuzuiwa na mtu, na mimi niliisikia ile harufu nikiwa jikoni, nikaifurahia.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua zinakatika, tangi liko nusu. Daktari kasema tukirudi kwenye maji ya bomba atatuuzia kidonge cha kuondoa klorini kabla ya kutia unga. Safari hii maagizo kayatoa Wifi akiwapo, na Wifi kayarudia yote, kisha kanigeukia: "Na wewe umesikia?"

Jumatatu, 28 Aprili

Vifaranga wapya wanakuja kesho. Tulipungukiwa maranda, magunia yote yameloa, nikasema nitakwenda kwa seremala mchana nikipata kitu cha kubebea. Wifi akaondoka bila kuaga.

Karudi na begi lake kichwani, limevimba pande zote, nywele zimejaa vumbi la mbao. Kalishusha katikati ya banda, kalipindua, likamwaga rundo la maranda makavu meupe.

"Wifi, nguo zako ziko wapi?"

"Ukutani. Mdogo wangu kanipigia misumari asubuhi, wewe ulikuwa bado umelala." Akaanza kutandaza maranda kwa mguu. "Nenda ukanawe, tuchanganye maji ya wageni."

Zipu ya begi imejaa vumbi la mbao, haifungi tena. Mume wangu kaiona, kasema ana zipu nyingine ndani, ataibadilisha jioni hii hii. Nimemwambia asijisumbue.